Fomu Baadaye, Shosho Kwanza

Wanafunzi wangu wa uuguzi huingia nyumba ya kwanza pale Kawangware, Nairobi, kumtathmini shosho (bibi mzee), wameshika fomu kama makarani wa sensa. Iweke mkobani. Msalimie shosho, keti, mwombe akuonyeshe dawa zake zote. Aghalabu za mwaka jana zimechanganyika na za juzi. Muulize yeye, si binti yake (binti atajibu tu, hata asipoulizwa).

Kisha mpime mwendo, akiwa na viatu vyake vya kila siku na mkongojo wake: ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi, aketi. Akifikisha sekunde 12 au zaidi, yumo hatarini kuanguka.

Halafu ifuate njia yake ya chooni. Choo cha ploti kiko ng'ambo ya ua, taa hakuna. Sasa toa fomu.