SOMO: Linux ya muda halisi (PREEMPT_RT) kwenye Raspberry Pi pamoja na CAN

Naandika mara moja maana kila siku naulizwa: nawekaje Linux inayojibu ndani ya muda unaojulikana kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja), na naiunganishaje na CAN, laini ya nyaya mbili ambayo vifaa, mfano vya gari, hutumiana mesaji? Someni mpaka mwisho ndio muulize.

1. Chukua kerneli (kiini cha Linux) 6.12 kwenda juu, PREEMPT_RT imeingia humo rasmi 2024. Iwashe kwenye mipangilio ya kerneli, jenga, ributi, `uname -v` ikuonyeshe PREEMPT_RT.

2. Washa SPI, njia ambayo Pi inaongea na chipu ya CAN (MCP2515).

3. Hapa tulieni. Kwenye config.txt weka `dtoverlay=mcp2515-can0,oscillator=8000000,interrupt=25` ila hiyo namba ya oscillator (kasi ya kristali ya moduli yako, kwa Hz) usikopi ya mtu. Mimi nilikopi 16000000, can0 (jina la CAN ndani ya Linux) ikapanda safi, dmesg (kumbukumbu za kerneli) haina kosa, candump (inayoonyesha mesaji zinazoingia) kimya, nikabadilisha nyaya siku mbili nzima kumbe kile kidude cha rangi ya fedha pembeni ya chipu ndiyo kristali na kimeandikwa 8.000, yaani MHz 8. Kerneli inapiga hesabu ya 16, kristali inatembea 8, ukiomba kbit 500 kwa sekunde unapata 250 na hakuna anayekuelewa kwenye laini. Na ONYO: moduli zenye TJA1050 (chipu inayoendesha nyaya za CAN) zinakula volti 5, pini za Pi mwisho 3.3. Weka kigeuza volti, utaunguza bodi.

4. Rizista za ohm 120 ncha zote mbili. Zima umeme, pima ohm kati ya nyaya mbili za CAN, CANH na CANL, isome karibu 60.

5. `sudo ip link set can0 up type can bitrate 500000`, halafu `candump can0`.

MASWALI

– Mkuu kwangu imegoma.
– Imegoma wapi? Leta `ip -details link show can0`. Na kristali yako imeandikwa ngapi? Hatua ya 3 hujasoma.

– Nina bodi moja tu, nikituma inaandika ERROR-PASSIVE (makosa yamezidi).
– Lazima awepo mwingine wa kuitikia, mtumaji asipopata ACK (ishara ya "nimepokea") anarudia tu. Ukiwa peke yako ongeza `loopback on` kwenye amri ya hatua ya 5, mesaji zikurudie mwenyewe.

– Nimeweka RT lakini mesaji bado zinachelewa, kwa nini?
– Swali zuri sana hili. RT haiongezi mbio, inahakikisha kuchelewa hakuvuki kiwango unachokijua, na programu yako bado imepanga foleni na wengine. Iendeshe kwa `chrt -f 80` (inaipa kipaumbele cha muda halisi), ndani yake ita mlockall (inaizuia kumbukumbu yake kuhamishiwa diski), kisha pima na cyclictest (kipima kuchelewa) huku mashine ina mzigo, uangalie Max (kuchelewa kukubwa kabisa), Avg (wastani) itakudanganya. Halafu kwenye CAN, ID (namba ya mesaji) ndogo ndiyo inapita kwanza, 0x100 inaishinda 0x200, kwa hiyo mesaji ya breki usiipe namba kubwa.

– Naongezea, governor (kinachopanga mwendo wa CPU) iwe performance, kwangu Max ilishuka.
– Kweli kabisa, nilisahau hiyo.