Somo: Udhibiti mrejesho na udhibiti tangulizi katika shawa ya umeme

Ndugu wanachama, mfano wetu wa njia hizi mbili za kudhibiti ni shawa ya umeme, ambayo yeyote aliyewahi kuoga Nairobi alfajiri ya Julai anaielewa bila maelezo.

Hatua ya kwanza ni kuandika lengo. Maji yanaingia yakiwa na nyuzi 18 za Selsiasi, yanapita lita 3 kwa dakika, nasi tunataka yatoke na nyuzi 38.

Hatua ya pili ni mrejesho. Sensa, yaani kifaa cha kupima joto, hukaa maji yanapotokea, kidhibiti hulinganisha kipimo na lengo, kisha hurekebisha nguvu ya hita kulingana na tofauti. Kasoro yake ni kwamba hakitendi lolote mpaka kosa liwe limekwisha kutokea. Na ukikifanya kikali mno, yaani kirekebishe kupita kiasi kwa kosa dogo, ilhali maji huchukua muda kuifikia sensa, joto litapanda na kushuka bila kutulia.

Hatua ya tatu ni tangulizi, ambamo tunapima kisumbufu chenyewe, yaani kile kinachovuruga joto, hapa mtiririko wa maji, na kukokotoa mapema nguvu inayohitajika. Kilo moja ya maji, yaani takribani lita moja, huhitaji takribani kilojuli 4.2 ili ipande nyuzi moja. Kwa mfano wetu, lita 3 zikipanda nyuzi 20 kila sekunde 60, hita inahitaji kilowati 4.2. Mtu akifungua bomba hadi lita 4, kidhibiti hupandisha nguvu hadi kilowati 5.6 papo hapo, kabla maji hayajapoa.

Hesabu hiyo, hata hivyo, inategemea umeme wa volti 240. Jioni, majirani wanapopika, volti zikishuka hadi 216, nguvu ya hita hubaki asilimia 81, kwa kuwa hufuata mraba wa volti, na maji hutoka na nyuzi 34. Tangulizi haina habari, kwa kuwa inapima mtiririko tu. Ndiyo sababu nasisitiza hatua ya nne: jumlisha amri za njia zote mbili, hesabu ya tangulizi ibebe mzigo mkubwa, mrejesho usahihishe kilichosalia.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikiwa na pesa za sensa moja tu, ninunue ipi?*

Nunua ya joto la maji yanayotoka. Mrejesho hushughulikia hata kisumbufu usichokijua.

*Je, tangulizi yaweza kuifanya shawa iyumbe?*

Peke yake haiwezi, ndugu yangu, kwa kuwa haitazami matokeo. Ikikosea hesabu, maji yatatulia kwenye joto lisilo sahihi. Lakini kipimo cha mtiririko kikirukaruka, nguvu ya hita nayo itarukaruka, hivyo kichuje kwanza, yaani kilainishe mirukoruko yake.