SOMO: Rioja nyekundu, na chakula cha kula nayo

Wakuu, wengi wakionja Rioja, mvinyo mwekundu wa Hispania, mara ya kwanza hukunja uso na kusema ni chungu. Si uchungu ule, ni ukakasi, ndugu yake wa bibo la korosho: ulimi unakauka, mashavu yanavutwa ndani. Unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na dawa yake ni chakula. Kuitwa mvinyo mkavu maana yake sukari ya zabibu karibu yote imegeuka kilevi, basi.

Hatua ya 1: Soma chupa. Rioja iko kaskazini mwa Hispania, kando ya mto Ebro, na zabibu yake kuu ni Tempranillo. Jina la daraja kwenye lebo linakwambia umri: Crianza imetunzwa angalau miaka 2, mmoja wake ndani ya pipa la mwaloni. Reserva ni 3. Gran Reserva ni 5, miwili kati yake pipani. Anza na Crianza, haiumizi mfuko.

Hatua ya 2: Poza. Tunataka nyuzi 16 hadi 18, na Dar mwezi wa pili hilo halipatikani mezani. Weka friji mpaka ifike hapo. Ikiwa ya moto, kilevi kinakupanda puani tu.

Hatua ya 3: Mimina theluthi ya glasi, zungusha, nusa. Mapipa ya mwaloni wa Marekani, yaliyozoeleka sana Rioja, huacha harufu ya vanila na nazi kwa mbali. Watu wa pwani mtaikamata haraka.

Hatua ya 4: Kula. Wenyewe wa Rioja huchoma mbavu ndogo za mwanakondoo juu ya moto wa matawi makavu ya mizabibu, chumvi tu. Fanya jaribio: onja mvinyo mtupu, tafuna kipande chenye mafuta, onja tena. Ukakasi umekimbia, maana protini ya nyama imeushika.

Chakula chao kingine ni patatas a la riojana: viazi, soseji ya nguruwe iitwayo chorizo, kitunguu, kitunguu saumu na pilipili nyekundu kavu isiyowasha. Kiazi hakikatwi mpaka mwisho. Kisu kinaingia nusu, halafu unakibanjua, ka! Wanga wa ule mpasuko ndio unaofanya mchuzi uwe mzito. Mimi mara ya kwanza nilikata kama vya chipsi, nikapata maji mekundu yenye viazi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, mimi nimezoea ile tamu ya Dodoma. Nikichanganya na soda nitachekwa?*
Wahispania wenyewe huchanganya na kola, wanaita kalimotxo. Ila tumia chupa ya bei rahisi, Reserva usiiguse.

*Samaki je?*
Samaki wa mafuta hapana, mdomoni unabaki na shombo na ladha ya chuma. Na pilipili kali huufanya mvinyo uwake.

*Sili kitimoto, hiyo chorizo niifanyeje?*
Soseji ya ng'ombe, dada, na kijiko cha paprika ya moshi (unga wa pilipili nyekundu). Ikaange kwanza mpaka mafuta yawe mekundu, ndipo viazi viingie.

*Gran Reserva ndiyo bora kuliko zote?*
Ndiyo iliyokaa zaidi. Kwa mbuzi wa kuchoma mimi nachukua Crianza.

*Iliyobaki inakaa siku ngapi?*
Rudisha kizibo, weka friji, siku 3. Ya nne mwagia kwenye rosti.