Mtoto wa la tatu hajui kusoma? Anza sasa, usisubiri upimaji wa la nne

Walimu wenzangu, hii ni kwa yule mwenye watoto 80 na kitu darasani na anaona kabisa kuna wanaobaki nyuma ila hajui aanzie wapi.

Anza kwa kupima, wiki ya kwanza tu shule zikifunguliwa. Mtoto mmoja mmoja, kwa mdomo, dakika tatu zinatosha. Karatasi moja iwe na silabi, maneno, aya fupi na kahadithi, kama wanavyofanya Uwezo, wale wanaopima watoto kusoma na kuhesabu. Usitumie kitabu cha darasani maana wameshakariri. Mi nilikuwa na binti anasoma ukurasa mzima bila kukwama, siku moja nikamwonyesha neno "kikombe" katikati ya ukurasa, akaanza kunong'ona kutoka mstari wa kwanza huku anasogeza kidole mpaka akafika pale ndo akalisema. Nilikuwa nimempa vema miezi yote ile. Iliniuma sana.

Ukishapima, msaada unaenda kwa ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni darasa zima. Ukikuta nusu ya watoto wamekwama kwenye silabi, hapo tatizo sio watoto, ni tulivyofundisha, kwaiyo rudi nyuma na wote. Dakika 15 za mwanzo wa kipindi cha Kiswahili kila siku: mba, nya, mwa, alafu ng'ombe na ngoma, dhahabu na thamani. Wengi watanyooka hapohapo.

Waliobaki ndo ngazi ya pili. Makundi ya watoto sita mpaka nane, uwapange kwa pale walipokwama, sio kwa alama za mtihani wala kwa umri. Pratham, shirika la elimu la India, wamefanya hivi miaka mingi, wanapanga kwa kiwango cha mtoto na sio darasa lake. Nusu saa, mara nne kwa wiki, na tafadhali usiwakatie muda wa michezo, wataona ni adhabu. Kata maboksi ya sabuni uandike silabi, mwagia kadi mezani: ba, ka, pa, ta. Waunde wenyewe bata, kata, pata. Usichukue hela ya mzazi, hii sio tuisheni, na usilipatie kundi jina la kudhalilisha maana watoto wanasikia na wanabeba mpaka nyumbani. Kila baada ya wiki nne au tano pima tena, aliyevuka atoke siku hiyohiyo. Kosa kubwa ninaloliona ni mtoto kuwekwa kundi la chini Januari na Novemba bado yupo palepale hakuna aliyempima.

Ngazi ya tatu wanabaki wachache, labda wawili au watatu, na hapa kabla ya kadi zozote uliza kwanza. Anasikia? Simama nyuma yake umwite kwa sauti ya chini. Anaona ubao? Msogeze mbele wiki moja uone. Amekula? Nyumbani wanaongea Kisukuma tupu? Kama ndio, pengine herufi anazijua ila neno lenyewe hajawahi kulisikia, mwonyeshe kitu chenyewe. Baada ya hapo kaa naye peke yake dakika 15 kila siku na uandike kwenye daftari tarehe, mlichofanya na alipokwama. Wiki nane zikipita hajasogea, mpeleke kwa mwalimu wa elimu maalumu pamoja na lile daftari, ili wasianze sifuri. Marekani zamani ilikuwa mtoto mpaka aonekane ameachwa mbali sana ndo asaidiwe, sheria yao ikarekebishwa 2004 na shule zikaruhusiwa kuangalia mtoto anavyoitikia msaada. Sisi hatuhitaji sheria kwa hili, tunahitaji daftari.

Na mzazi umwite mapema, hata asiyejua kusoma anafaa. Mama mmoja alikuwa anamsikiliza mwanae jioni huku anachambua mchele, akisikia amenyamaza muda mrefu anajua amekwama, anaikunja kona ya ukurasa, asubuhi mi nikifungua kitabu najua pa kuanzia.