Fremu nyeupe ndani ya Facebook? Anza na cheti

Ukipachika programu yako ya wavuti ndani ya Facebook ikatokea fremu (kisanduku kinachoonyesha tovuti nyingine ndani ya ukurasa) nyeupe tupu, usikimbilie kuvuruga msimbo wa programu. Facebook ilianza kudai HTTPS (muunganisho uliosimbwa) kwa programu hizi Oktoba 2011, na cheti, yaani faili la seva linalothibitisha utambulisho wa tovuti, kikiwa na kasoro kivinjari huizuia fremu bila kukupa nafasi ya kuendelea kwa hiari yako. Nakili anwani ya programu, uifungue peke yake kwenye kichupo kipya. Hapo kosa litajitaja lenyewe.

Cheti kilichopitwa na tarehe au jina la kikoa (anwani ya tovuti) lisilolingana utaliona upesi. Kinachosumbua ni cheti cha kati kilichosahaulika, kile kinachounganisha cheti chako na mamlaka ambayo kivinjari inaiamini. Kwako shwari, kwa mwenzako hamna kitu: kivinjari chako huenda kilishakihifadhi kutoka tovuti nyingine, chake hakijawahi kukiona. Endesha hii kwenye terminali, ukiweka jina la kikoa chako palipoandikwa kikoa:

openssl s_client -connect kikoa:443 -servername kikoa

Ukiona namba 21 kwenye "Verify return code", mnyororo wa vyeti umekatika. Kwa Let's Encrypt (watoaji wa vyeti vya bure), elekeza seva kwenye fullchain.pem, faili lenye cheti chako pamoja na cha kati, badala ya cert.pem (hili lilishanikesha usiku mzima), kisha uipakie upya.