Kukadiria mwendo wa gari kwa alama za breki

Anza na mwanzo wa alama, maana ndiko watu wengi hukosea. Tairi likiwa ndiyo kwanza linajifunga huacha kivuli chepesi ambacho ukisimama wima hukioni. Inama, tazama kwa usawa wa lami kufuata urefu wa alama, halafu weka chaki pale kivuli kinapoanzia. Sehemu hiyo ndiyo inayofutika kwanza magari yakiruhusiwa kupita, kwa hiyo piga picha na upime kabla barabara haijafunguliwa.

Pima kila tairi peke yake kwa futi kamba. Magurudumu ya nyuma yakiwa yamepita juu ya alama za mbele, utaona mstari mmoja mrefu kuliko ukweli. Toa umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Dereva akiwa aliachia breki kisha akakanyaga tena, pengo hilo litoe. Vipande vifupi vinavyofuatana kwa karibu kwa sababu gurudumu lilikuwa linarukaruka, hivyo vipime pamoja.

Kinachofuata ni kiwango cha msuguano, yaani namba inayoonyesha tairi linashika barabara kwa nguvu kiasi gani, na hapa ndipo hesabu hupona au huharibika. Lami kavu kwa gari dogo huwa kati ya 0.7 na 0.8, ikilowa hushuka, na changarawe iko chini zaidi. Lakini usiokote namba kwenye jedwali kama unaweza kujaribu palepale. Chukua gari la aina ileile lenye matairi yanayofanana, elekea upande uleule, kanyaga breki hadi magurudumu yafunge ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa. Likisimama baada ya mita 14, msuguano ni 50 × 50 ÷ (254 × 14), yaani 0.70; hiyo 254 ni namba isiyobadilika ya kanuni hii. Rudia mara mbili au tatu. Namba ya gari dogo usiipe lori: matairi ya lori hushika lami kwa nguvu ndogo zaidi.

Sasa zidisha 254 × msuguano × urefu wa alama kwa mita, kisha tafuta kipeuo cha pili. Mita 30 kwa 0.7 ni 5,334. Kipeuo chake ni kilomita 73 kwa saa. Kwa 0.6 ungepata 68, kwa 0.8 ungepata 78. Andika kuanzia 68 hadi 78, si namba moja. Na huo ni mwendo wa chini kabisa, kwani gari lilishapunguza kasi kabla tairi halijaanza kuchora.

Jaribio likifanyika mahali tambarare na ajali ilitokea penye mteremko wa asilimia 5, toa 0.05 kwenye msuguano. Gari likiwa linapanda, ongeza.

Gari likigonga kitu mwishoni mwa alama, usijumlishe kasi mbili. Tuseme liligonga likiwa na kilomita 40: chukua 5,334, ongeza 40 × 40, upate 6,934. Kipeuo ni 83, si 113. Kosa hili linaweza kumtia hatiani dereva asiyestahili.

Alama iliyopinda yenye michirizi ya mshazari haihusiki na kanuni hii. Hapo magurudumu yalikuwa yakizunguka huku gari likiteleza kwa ubavu, na kinachopimwa ni mpindo wenyewe, si urefu.