Namna ya Kuwafanya Wanachuo Washiriki Darasa la Mtandaoni

Mhadhiri anauliza, "Kuna swali?" Kimya. Anaona majina 80 kwenye skrini, maikrofoni zote zimezimwa. Wengi huhitimisha kwamba wanafunzi ni wavivu. Mara nyingi shida ni kwamba hawajapewa kitu ambacho kila mmoja wao anaweza kukisema.

Anza na wiki ya kwanza. Achana na "jitambulishe kwa wenzako", kwa sababu baada ya utambulisho wa kumi hakuna anayesoma tena. Toa kazi ya dakika tano ambayo majibu yake utayatumia baadaye. Kwenye kozi ya uchumi, kwa mfano, mwambie kila mmoja aandike bei ya kilo moja ya unga wa sembe kwenye duka la karibu naye, jina la wilaya, na kama bei imepanda mwezi huu. Aliyeko Mbeya na aliyeko Mtwara hawatatoa jibu moja. Wiki ya pili, fungua somo la ugavi na mahitaji kwa jedwali la bei hizo hizo. Mwanafunzi akiona namba yake imefundishiwa darasa zima, atarudi.

Maswali ya jukwaa la majadiliano nayo yafuate njia hiyo. "Jadili athari za mfumuko wa bei" ni swali la mtihani, si la mazungumzo: watatu wa kwanza wanalimaliza, waliobaki wanaandika "nakubaliana na mwenzangu". Liulize hivi: "Chagua bidhaa moja unayonunua kila wiki. Ikipanda bei kwa asilimia 20, utaacha nini ili uendelee kuinunua, na kwa nini? Maneno 100 hadi 150." Hapo hakuna cha kunakili.

Darasa la watu 120 ligawe makundi ya 12 hadi 15. Kwenye Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni unaotumiwa na vyuo vingi vya Afrika Mashariki, weka makundi yaliyotengana, kisha chagua jukwaa la aina ya swali na jibu. Katika aina hii mwanafunzi haoni michango ya wenzake mpaka atoe wake na muda wa kuhariri uishe, kwa kawaida dakika 30. Waeleze hilo mapema, la sivyo utapokea malalamiko kwamba mfumo umeharibika.

Weka tarehe mbili za mwisho: mchango wa kwanza Jumatano saa 4 usiku, majibu kwa wenzao wawili Jumapili saa 4 usiku. Ukiweka moja tu, wote wataandika Jumapili usiku na hakutakuwa na wa kumjibu. Epuka pia "saa 6 usiku wa Jumapili", kwani nusu ya darasa itadhani ni usiku wa kuamkia Jumatatu na nusu nyingine usiku wa kuamkia Jumapili.

Ushiriki upe asilimia 10 hadi 15 ya alama za kozi. Chini ya hapo hupuuzwa. Juu ya hapo watu huandika ili wahesabiwe tu. Kati ya wiki 8 za majadiliano, hesabu 6 bora, maana umeme hukatika na bando huisha. Jibu lipate alama likileta mfano mpya, takwimu, pingamizi au swali. "Asante kwa mchango mzuri" halina alama.

Na wewe usikimbilie kujibu. Mhadhiri akishatoa jibu, mazungumzo yamekufa. Subiri hadi Jumatatu, kisha andika muhtasari wa aya mbili unaotaja nani alisema nini, na hoja ipi bado haijatatuliwa.

Kwa kikao cha mubashara, dakika 40 zinatosha, na ndio ukomo wa Zoom ya bure kwa kikundi. Kila dakika 7 au 8, wape cha kufanya. Njia inayofaa sana ni hii: uliza swali, waambie waandike jibu kwenye sehemu ya ujumbe bila kulituma, hesabu kimyakimya hadi 20, kisha sema "tumeni". Majibu yote yanaingia kwa pamoja, mwoga hawezi kumsubiri hodari. Sekunde 20 zitakutia wasiwasi. Zivumilie, sauti yako huchelewa kufika na kuandika kwa kidole gumba ni kazi.

Ukiwagawa vyumba vidogo, weka watu 3 au 4, dakika 6, na umteue msemaji kabla. Kazi yenyewe waandikie kwenye kundi la WhatsApp kwanza, kwa sababu wakishaingia vyumbani kwa kawaida skrini yako hawaioni tena, na dakika tatu zitaishia kwa kuulizana "tumeambiwa tufanye nini?"

Kamera usizilazimishe. Video hula bando kubwa kuliko sauti, na wengine wanasomea chumba kimoja na familia nzima. Masomo ya kurekodi yakate vipande vya dakika 6 hadi 10, na kila kimoja kiwe na toleo la sauti pekee: kwa kilobiti 32 kwa sekunde, dakika 10 ni kama MB 2.4, kiasi ambacho hata mwenye bando la siku anapakua.

Kila Ijumaa fungua ripoti ya Moodle, utafute waliopitisha siku 7 bila kuingia. Waandikie mmoja mmoja, si kwenye kundi: "Habari za leo. Sijakuona darasani tangu wiki iliyopita. Ni intaneti, ni kazi, au somo limekuwa gumu? Nijibu kwa neno moja tu." Akijibu "intaneti", mtumie sauti za wiki hiyo. Akijibu "kazi", mpangie tarehe mpya moja, iliyo wazi. Akijibu "gumu", mpigie simu siku hiyo hiyo, kwani huyo ndiye aliye karibu zaidi kuacha.